Jumapili jioni, piano sebuleni, na hakuna kutumwa

Kila ninapogusia kwenye safu hii kwamba nyumbani kwetu Jumapili jioni tunasikiliza koncheto za piano, ujumbe unaoingia kwenye simu yangu huwa wa aina mbili. Wa kwanza ni wa utani: mama, umeanza uzungu. Wa pili ni swali la kweli, na wiki hii limeulizwa tena na baba wa watoto watatu: watoto wa umri huo wanaelewa nini kwenye muziki usio na maneno, unaochukua nusu saa, uliotungwa na watu waliokufa zamani huko Ulaya?

Jibu fupi ni kwamba wanaelewa kuliko sisi, kwa sababu bado hawajaambiwa kuwa muziki huo ni wa watu fulani. Jibu refu ndilo safu ya leo.

Kwanza tujue tunachozungumza. Koncheto ni utungo wa mpiga ala mmoja pamoja na okestra nzima. Mmoja yuko upande huu, wenzake hamsini au sitini wako upande ule. Mara yule mmoja anauliza na kundi linajibu, mara wanabishana, mara kundi ndilo linaloimba na yeye anawasindikiza tu. Aliyekulia kwenye taarabu ya zamani ya Unguja, akasikia jinsi fidla zinavyompokea mwimbaji anapomaliza mstari, hatapata shida hapa. Koncheto nyingi zina sehemu tatu: ya kwanza ndefu na yenye nguvu, ya kati ya polepole, ya mwisho ya kuchangamka. Ninazozungumzia leo ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zama ambazo wataalamu huziita za Kiromantiki. Neno hilo lisiwadanganye mkadhani ni muziki wa kadi za Valentine. Ni zama ambazo watunzi waliamua kuweka hasira, hofu, kilio na furaha zao mezani bila kuzifunika. Mtoto anayejitupa chini kwa sababu kaka yake kachukua kijiko chake haoni ajabu yoyote.

Kwa nyumba inayoanza, mimi husema muanze na Edvard Grieg wa Norwe. Aliitunga koncheto yake mwaka 1868 akiwa kijana wa miaka 25 hivi, na ina urefu wa dakika kama 30. Mwanzo wake haumpi mtoto nafasi ya kuuliza wataanza saa ngapi. Ngoma inavuma kutoka chini, inapanda kama lori linalokuja, kisha piano inaporomoka kutoka juu kabisa ya vibonyezo hadi chini kabisa. Kijana wangu wa chekechea hulala kwenye mkeka na kupandisha mikono pamoja na ngoma, halafu anaiachia ianguke pamoja na piano. Akishafanya hivyo mara mbili tatu anadai turudie mwanzo, nasi tunarudia. Hakuna mtihani.

Kuna mchezo mwingine unaowafaa wakubwa kidogo. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, okestra nzima hunyamaza na mpiga piano huachwa peke yake dakika kadhaa. Pale panaitwa kadenza. Waambieni watoto wanyooshe mkono mara tu watakaposikia kwamba piano imebaki peke yake. Mtashangaa jinsi nyumba inavyokuwa kimya kwa kusubiri jambo hilo moja. Kwetu anayewahi ndiye anayechagua andazi la kwanza, na ugomvi wa nani alianza kunyoosha umeshazoeleka.

Grieg alipokuwa akiandika koncheto hiyo alikuwa baba mpya. Binti yake Alexandra alizaliwa Aprili 1868. Koncheto ilipigwa hadharani mara ya kwanza mjini Copenhagen tarehe 3 Aprili 1869, na mwezi uliofuata mtoto yule akafariki, akiwa ametimiza mwaka mmoja tu. Hili siwasimulii wadogo. Lakini wapo wasomaji wangu wenye begi la nguo ndogo zilizokunjwa ambazo hazikupata wa kuzivaa, na kwao nasema wazi: muziki huu uliandikwa kabla ya msiba, ni muziki wa nyumba iliyojaa. Wapo wanaoupenda kwa sababu hiyohiyo, na wapo wasioweza kuusikiliza. Kama wewe ni wa kundi la pili, ruka, nenda kwenye koncheto inayofuata.

Inayofuata ni ya Robert Schumann, Mjerumani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu habari zake ni habari za nyumba.

Robert alitaka kuwa mpiga piano, mkono wake wa kulia ukapata hitilafu, akabaki kutunga. Mkewe, Clara, alikuwa mpiga piano aliyejulikana tangu utotoni. Akiwa na miaka 16 alipiga mjini Leipzig koncheto aliyoitunga mwenyewe, na aliyeongoza okestra siku hiyo ni Felix Mendelssohn. Baba yake Clara aliikataa ndoa yao hata wakafikishana mahakamani. Walioana tarehe 12 Septemba 1840, siku moja kabla bibi harusi hajatimiza miaka 21.

Sasa fikirieni nyumba hiyo. Mume anatunga, anahitaji kimya. Mke anaishi kwa vidole vyake, anahitaji kufanya mazoezi kila siku, na piano si kazi ya kufanya kwa kunong'ona. Kuta hazizuii sauti. Nani anyamaze? Alinyamaza Clara. Walikuwa na shajara ya ndoa waliyokuwa wakiandika kwa zamu, na humo ameeleza jinsi upigaji wake unavyorudi nyuma kwa sababu Robert anapotunga yeye hapati hata saa moja ya kufanya mazoezi. Ameandika hayo na huku anampenda mumewe, anaisifu kazi yake, na hakuna mahali anapotishia kuondoka. Akina mama wengi wanaosoma hapa wanaijua sauti hiyo.

Mwaka 1841 Robert aliandika kipande kimoja cha piano na okestra. Clara alikijaribu pamoja na okestra ya Leipzig tarehe 13 Agosti, na tarehe 1 Septemba akajifungua mtoto wao wa kwanza, Marie. Wachapishaji hawakukitaka kipande kile. Kilikaa ndani hadi 1845, Robert akakiongezea sehemu mbili, ikawa koncheto kamili. Clara akaipiga Dresden tarehe 4 Desemba 1845, akaipiga tena Leipzig siku ya mwaka mpya wa 1846. Mwezi Februari alijifungua mtoto wa nne. Hesabuni wenyewe alikaaje mbele ya piano ile.

Muziki wenyewe hauna kishindo cha Grieg. Okestra inapiga mara moja, piano inateremka kwa haraka, halafu zinatulia na obo, ambayo ni kama ndugu yake zumari wetu, inaanza wimbo wa pole. Piano inaurudia wimbo uleule kana kwamba inasema, nimekusikia. Katika majina ya noti ya Kijerumani wimbo huo unaanza C, H, A, A, na wapo wataalamu wanaosikia hapo jina la Chiara, namna Robert alivyopenda kumwita mkewe. Sehemu ya kati ni fupi, piano na selo zikizungumza kama mume na mke baada ya watoto kulala. Kisha bila kusimama inaingia sehemu ya mwisho, na hapo hata bibi yetu, ambaye husema muziki wa kweli lazima uwe na maneno, hutikisa mguu.

Grieg alipokuwa mwanafunzi Leipzig alimsikia Clara akiipiga koncheto hii. Ukisikiliza moja baada ya nyingine, mwanzo wa ile unaukumbusha mwanzo wa hii. Waulizeni watoto wa darasa la tano kwenda juu kama wanasikia undugu huo. Wangu walisikia kabla sijawaambia.

Mwaka 1854 Robert aliugua akili akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mtoto wao wa mwisho akazaliwa baba akiwa huko. Alifariki mwaka 1856. Clara alibaki na watoto saba (mmoja alikuwa amefariki akiwa mdogo), akawalisha kwa matamasha, akizunguka nchi baada ya nchi na koncheto ya mumewe ikiwa miongoni mwa vitu alivyobeba. Aliendelea kupiga hadharani hadi mwaka 1891. Wajerumani waliweka sura yake kwenye noti ya mark 100, na nyuma ya noti hiyo kulikuwa na piano. Watoto wanapenda sana habari ya noti.

Niliposimulia haya yote nyumbani, binti yangu wa darasa la sita aliniuliza: "Mama, na wewe saa yako ni ipi?" Ndipo ilipoanza sheria yetu ya Jumapili, na ndiyo ninayotaka muichukue hata kama hamtachukua mtunzi yeyote. Kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho, hakuna kutumwa. Hakuna anayekwenda dukani kununua vocha, hakuna anayechota maji, hakuna anayeitwa kuleta rimoti iliyo mita moja kutoka kwa anayeiagiza. Baba hatumi, kaka hatumi mdogo wake. Na sheria inamhusu mama na dada wa kazi pia. Katika nyumba nyingi ninazozijua, "muda wa familia" maana yake ni kwamba wote wamekaa na mama anapita katikati yao na sinia. Kwetu jiko huzimwa. Ugali utasubiri, hauna miguu.

Watoto wenyewe ndio polisi wa sheria hii, maana hawana kitu wanachokipenda kama nusu saa ambayo hakuna mtu mzima anayeweza kuwaita.

Mtunzi wa tatu ni wa nyumba zenye vijana. Sergei Rachmaninoff, Mrusi, alikuwa na miaka 23 simfoni yake ya kwanza ilipopigwa St Petersburg mwezi Machi 1897. Ilipigwa vibaya. Yeye mwenyewe hakuweza kukaa ukumbini kuimaliza. Mhakiki mmoja aliyeheshimika, César Cui, aliifananisha kwenye gazeti na mapigo ya Misri, yale ya kwenye Biblia. Kwa karibu miaka mitatu kijana yule hakuandika utungo wowote mkubwa. Si kwamba alikuwa mvivu: alipata kazi ya kuongoza muziki wa opera na akaifanya. Lakini kutunga kulikuwa kumekufa.

Watu waliompenda walijaribu. Alipelekwa hata kwa mwandishi mkubwa Leo Tolstoy ili atiwe moyo, na mzee yule akamweleza kuhusu kufanya kazi kila siku. Ushauri mzuri, ambao haukumsaidia chochote. Mwishowe ndugu zake wakampeleka kwa daktari, Nikolai Dahl, aliyemwona kila siku kuanzia Januari hadi Aprili 1900, kwa mazungumzo na tiba ya hipnosi. Baada ya hapo alianza kuandika. Aliandika sehemu ya pili na ya tatu ya koncheto yake ya pili kwanza, akazipiga mbele ya watu Desemba 1900. Sehemu ya kwanza ndiyo iliyokuja mwisho. Koncheto nzima aliipiga Moscow tarehe 9 Novemba 1901, na juu yake akaandika jina la daktari yule kama zawadi.

Mtoto wa dada yangu alikaa kwetu mwaka aliopata matokeo mabaya ya kidato cha nne. Kila mgeni aliyefika alikuwa Tolstoy. Shangazi alikuwa Tolstoy, mchungaji alikuwa Tolstoy, jirani aliyekuja kuazima kinu naye alikuwa Tolstoy. Kijana alikuwa anakula, anasalimia, anarudi chumbani. Jumapili moja niliwasimulia wanangu habari za Rachmaninoff, si yeye, wala sikumwita. Nikawaambia wahesabu: mpiga piano anaanza peke yake, pigo moja zito baada ya jingine, kama kengele inayokaribia, kabla okestra haijaingia. Ni mangapi? Tukasikiliza. Wadogo wakasema sita, wakasema kumi. Kutoka mlangoni mwa korido sauti ikasema, "Nane." Ni nane kweli. Alisimama palepale mlangoni sehemu yote ya kwanza, ambayo ni kama dakika kumi. Jumapili iliyofuata alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi.

Sisemi kwamba koncheto ilimponya mtu. Kijana yule yuko chuo cha ufundi sasa, anasoma umeme, na amefika huko kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa mama yake kukubali kwamba kidato cha tano si njia pekee. Na mzazi mwenzangu, kama mtoto wako halali, hali, au anaanza kuzungumza habari za kufa, usimwekee muziki ukasubiri. Mpeleke hospitali leo. Hata Rachmaninoff aliponea kwa daktari. Ninachosema ni kwamba kijana aliyeanguka anahitaji mahali pa kukaa na watu bila kuulizwa mpango wake ni upi, na nusu saa ambayo hakuna anayeruhusiwa kusema ilimpa huyu wetu mahali hapo.

Jambo moja zaidi kuhusu koncheto hii: Rachmaninoff aliirekodi mwenyewe mwaka 1929, na rekodi ipo mtandaoni. Sauti ina mikwaruzo, lakini vidole ni vyake. Kijana wetu alipoambiwa hivyo aliomba irudiwe.

Wengine nitawapitia haraka. Chopin aliitunga koncheto yake ya E ndogo akiwa na miaka 20, akaipiga Warsaw Oktoba 1830, wiki chache kabla ya kuondoka nchini kwake moja kwa moja. Wenye ndugu ughaibuni wataielewa sehemu ya kati. Ya kwanza ya Tchaikovsky mnaijua mwanzo wake hata kama hamjui kwamba mnaijua. Rafiki yake Nikolai Rubinstein aliiponda vibaya alipoisikia, Tchaikovsky akakataa kuibadilisha, na ikapigwa mara ya kwanza Boston, Marekani, mwaka 1875. Brahms muacheni kwanza. Ni mkubwa, nampenda, lakini koncheto yake ya pili ina sehemu nne na inakaribia dakika 50. Mtoto wa miaka saba atawachukieni wote wawili.

Sasa mambo ya simu, maana najua ndiko mnakosomea. Pakueni sauti mapema, msicheze moja kwa moja kutoka mtandaoni. Nusu saa ya sauti ya kawaida ni kama MB 30 tu, wakati video itawamalizia bando. Faida kubwa zaidi ni kwamba hakuna tangazo la mkopo wa haraka litakaloingia katikati ya obo. Video itazameni mara moja ili watoto waone mikono, basi. Picha ikiwapo, macho hula kila kitu na masikio hulala njaa.

Sabufa punguzeni besi. Besi iliyowekwa kwa ajili ya singeli humeza mkono wa kushoto wa piano na kuufanya uwe ngurumo. Halafu rekebisheni sauti kwa kipande chenye kelele zaidi, msirekebishe kwa kile cha taratibu. Muziki huu hushuka hadi mnong'ono na kupanda hadi radi, na mkipandisha sauti kwa ajili ya mnong'ono, radi itamwamsha mtoto wa jirani. Mvua ikinyesha juu ya bati, ahirisheni.

Kwa walio chini ya miaka sita, sehemu moja inatosha, tena wakiwa na karatasi na kalamu za rangi. Mtoto anayechora anasikia. Anayezunguka chumba naye anasikia. Nimeacha kuwaza kuhusu anayelala chini na miguu ukutani. Kijana wa sekondari mpeni kazi ya kutafuta rekodi mbili za koncheto moja, wapiga piano tofauti, na atueleze nani kakimbia na nani kavuta. Mtasikia maoni makali kuliko ya mpira.

Na baba akisinzia kwenye sehemu ya polepole, kama anavyofanya wa kwangu kila wiki, mwacheni. Ya tatu itamwamsha.